"Filthy" si "Chafu Sana": Uhakiki wa Tafsiri ya Neno Moja

Makala haya yamezaliwa na alama mbili nilizomnyima mwanafunzi katika mtihani wa somo la tafsiri, na ambazo baadaye ilinibidi nimrudishie. Kifungu walichopewa kilikuwa cha Kiingereza, kikieleza mafuriko katika mtaa mmoja wa mabondeni hapa Kampala. Mvua imenyesha usiku kucha, mitaro imefurika, vyoo vya shimo vimejaa na kumwagikia njiani, na asubuhi watoto wanavuka kwenda shule viatu mkononi. Mwandishi wa kifungu aliyaita maji hayo "filthy water". Karibu darasa zima liliandika "maji machafu sana", na mwongozo wa kusahihisha, ambao niliuandika mimi mwenyewe, ulisema hivyo hivyo. Mwanafunzi mmoja aliandika "maji yenye uvundo". Nikapiga mstari mwekundu chini ya "uvundo" na pembeni nikaandika: athari ya Luganda.

Wenzangu mnaofundisha Kiswahili nchini Uganda mtaelewa mara moja kwa nini mkono wangu ulikuwa mwepesi kiasi hicho. Katika Luganda, "okuvunda" ni kuoza, na "ekivundu" ni harufu mbaya inayotoka kwenye kilichooza. Tumezoea kuona maneno ya nyumbani yakivaa kanzu ya Kiswahili na kuingia kwenye insha bila hodi, nasi tumejipa kazi ya kuwa mabawabu. Safari hii bawabu alimfukuza mwenye nyumba. "Uvundo" ni Kiswahili cha pwani, kimo ndani ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na mtu wa Unguja hulitumia bila kuhitaji kumjua Mganda yeyote. Kwamba Luganda nacho kina neno la ukoo mmoja si kosa la mwanafunzi. Hizi ni lugha za Kibantu, na ndugu hufanana.

Alipokuja ofisini alikuwa na kamusi mkononi, kidole kimebana ukurasa. Hakubishana. "Mwalimu, naomba kuuliza tu," alisema. "Maji yaliyooshea gari, yakiwa na tope jingi, si ni machafu sana? Lakini hayo hayanuki. Haya ya kwenye kifungu yametoka chooni." Nilimwambia arudi baada ya siku mbili. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, na siku mbili hizo ndizo nilizozitumia kusoma haya ninayowaeleza.

Lengo la makala haya, basi, ni kuhakiki tafsiri moja tuliyoizoea kiasi cha kutoiona tena, yaani kwamba "dirty" ni "chafu" na "filthy" ni "chafu sana". Ukifuata kamusi za Kiingereza na Kiswahili tulizonazo, na zaidi ya kamusi, ukifuata orodha za msamiati tunazoandika ubaoni, utaona jinsi kivumishi -chafu kinavyobebeshwa mzigo wa kijiji kizima. Kila neno la Kiingereza linalonuka uchafu hurudishwa kwake, na likionekana kuwa zito zaidi tunaliongezea "sana", "mno" au "kupindukia". Tunafanya kana kwamba maneno hayo ni ngazi za kipimajoto, kila moja likiwa na joto kidogo kuliko lililo chini yake. Dai langu ni kwamba "filthy" halipo juu ya "dirty" kwenye ngazi hiyo. Limetoka shina jingine, linataja uchafu wa namna nyingine, na Kiswahili kinayo maneno ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba hatuyaruhusu yaingie darasani.

Tuanze na asili. Nomino "filth" ni ya zamani sana katika Kiingereza. Ilikuwako katika Kiingereza Kikongwe, ikimaanisha uozo na hali ya kutokuwa safi. Imeundwa kwa kivumishi ambacho leo kinaandikwa "foul", pamoja na kiambishi tamati -th ambacho huunda nomino za hali. Sisi kazi hiyo tunaifanya kwa kiambishi awali u-: -chafu, uchafu, -refu, urefu. Waingereza wa kale waliifanya mwishoni mwa neno. "Long" ikazaa "length", "strong" ikazaa "strength", na "foul" ikazaa "filth". Mwanafunzi atauliza irabu imebadilikaje. Kiambishi hicho hapo kale kilikuwa na irabu i, na i hiyo ikaivuta irabu ya shina kuja mbele ya kinywa. Jambo hili lisiwashangaze wasemaji wa Kiswahili, kwani sisi tuna i yetu inayofanya vurugu ya namna yake, ila yetu huvamia konsonanti: -penda ikawa mpenzi, -linda ikawa mlinzi, -iba ikawa mwizi. Baadaye, katika Kiingereza cha Kati, "filth" ikaongezewa -y na kuwa kivumishi "filthy".

Na "foul" lenyewe? Hapa ndipo mwanafunzi wangu aliposhinda. Shina lake katika lugha za Kijerumani lilimaanisha kuoza na kunuka. Kijerumani cha leo kina "faul", yaani kilichooza, ambalo pia humaanisha mvivu. Kwa Mjerumani, mtu asiyetaka kufanya kazi ni kama embe lililosahaulika chini ya mti. Ukivuka kwenda Kilatini, ambako p hujibiwa na f ya Kiingereza kama ilivyo katika "pater" na "father", au "piscis" na "fish", unakutana na "putere", kunuka kwa kuoza, na "pus", usaha. Kigiriki kina usaha wake wa shina hilo hilo, na Kisanskrit kina kitenzi chake cha kuoza. Ukoo mzima unanuka. Hakuna ndani yake vumbi, wala tope, wala wino ulioruka kwenye shati. Kwa hiyo, tukitafuta neno la Kiswahili ambalo shina lake limetembea njia iliyo karibu kabisa na ya "filth", tutafika kwenye -vunda na uvundo. Nililipigia mstari mwekundu neno ambalo asili yake ndiyo iliyo karibu kuliko yote.

Sasa tulinganishe na "dirt". Hili si neno la Waingereza wenyewe. Waliletewa na Waskandinavia, na kwa wenyewe "drit" ilikuwa kinyesi. Kiingereza cha Kati kiliandika "drit" kwanza, kisha r na irabu zikabadilishana nafasi, kama vile "brid" ilivyogeuka kuwa "bird". Cha ajabu ni kwamba neno lililoanzia chini kabisa ndilo lililopanda cheo. "Dirt" leo ni uchafu wowote, na kwa Wamarekani ni udongo tu, ule wa kupandia maua. Hapa pana shimo ambalo wanafunzi wetu huanguka kila mwaka. "Dirt road" nimeshaiona ikiwa "barabara ya uchafu", na mara moja, Mungu amsamehe, "barabara ya takataka", wakati kila abiria wa basi la kwenda kijijini anajua kwamba hiyo ni barabara ya vumbi. Kwa hiyo maneno haya mawili hayakuanza kama kidogo na kingi. Moja lilikuwa jina la kitu, na la pili jina la hali inayokipata kitu kikiachwa kioze.

Turudi kwa -chafu, maana nalo limeonewa. Sisi tunalifundisha kama kivumishi, lakini nguvu zake zimo kwenye kitenzi. Baharia husema bahari imechafuka, na hakuna taka hata moja majini, ni mawimbi. Watu husema nchi imechafuka pakitokea ghasia. Tumbo huchafuka, moyo huchafuka mtu akitaka kutapika, hali ya hewa huchafuka mawingu yakikusanyika, na mtu aliyechafuka mbele ya wenzake ni wa kuogopwa kwa ukali wake, wala huhitaji kumpa sabuni. Katika mifano yote hii kuchafua ni kukoroga kilichokuwa kimetulia. Marehemu Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alieleza katika kitabu chake cha 1966 kuhusu usafi na hatari kwamba uchafu ni kitu kilichokaa pasipo pake. Kauli hiyo ilikuwako kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeijengea nadharia, na utafiti wake wa msingi aliufanya jirani yetu, miongoni mwa Walele wa Kasai nchini Kongo. Viatu si vichafu, ila vikipandishwa mezani huchafua meza. Msemaji wa Kiswahili angemjibu kwamba kitenzi chetu kinajua hilo.

Ndiyo maana "filthy weather" ya Waingereza inatafsirika vizuri kabisa kwa "hali ya hewa imechafuka", na "a filthy temper" kwa "amechafuka". Hapo -chafu linafanya kazi yake halali. Linapopewa kazi ya uvundo ndipo linapoelemewa.

Chukua maji peke yake. Maji machafu ni jina la jumla. Maji ya tope ni ya mtoni baada ya mvua. Maji yaliyochafuka yalikuwa safi yakakorogwa. Majitaka ni yale yaliyokwisha kutumika, yanayotoka bafuni, jikoni na chooni, na mamlaka za maji za Tanzania zimelisimika neno hili hadi linaandikwa kwa pamoja. Maji yaliyovunda yamesimama hadi yakaoza. Na yapo maji najisi, ambayo huenda yasiwe machafu hata kidogo kwa jicho. Mwanafunzi aliyepata majina haya yote hawezi kuandika "maji machafu sana" bila kujiuliza ni yapi.

Neno "najisi" linastahili kusimamishiwa. Tumelipokea kutoka Kiarabu pamoja na elimu yake, na kila mtoto aliyepita madrasa anajua tofauti ambayo kamusi zetu zinaipita haraka. Kanzu ya mkulima iliyojaa udongo ni chafu, lakini si najisi. Ataikung'uta na kuswalia. Kanzu nyeupe pe iliyorukiwa na tone la mkojo ni najisi, hata kama hakuna anayeliona. Maji yaliyochanganyika na udongo yanafaa kutawadhia. Uchafu, basi, ni jambo la macho na mpangilio, na unajisi ni jambo la hukumu. Havipimwi kwa mizani moja, na hakuna kiasi cha uchafu ambacho kikizidi hugeuka unajisi.

Watafsiri wa Biblia walilijua hili. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, neno "unclean" limetumika kwa wanyama wasioliwa na kwa pepo wanaowapagaa watu. Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka 1952, imewaita wanyama "najisi", na pepo "wachafu". Waliona vitu viwili mahali ambapo Kiingereza kimeona kimoja. Na "filthy" je? Nilifuatilia mahali patatu palipo maarufu, na mahali pote patatu neno la Kiswahili ni tofauti. Katika Isaya sura ya 64, ambako Kiingereza kinataja matambara, neno la Kiebrania linahusu kitambaa cha hedhi, na Kiswahili kimechagua "unajisi". Katika sura ya mwisho ya Ufunuo, ambako Kigiriki kinasema uchafu wa kawaida uliogeuzwa kuwa wa tabia, Kiswahili kimesema "uchafu". Mahali pa tatu ndipo penye kisa.

William Tyndale alipotafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki kuja Kiingereza na kulichapisha 1526, alikuta katika nyaraka za Timotheo na Tito maneno yanayohusu faida ya aibu, pato ambalo mtu mwenye heshima angelionea haya. Akaandika "filthy lucre". Kigiriki hakikuwa na uozo wowote hapo. Kilikuwa na aibu. Uvundo ulitiwa na Tyndale, Biblia ya 1611 ikaurithi, na kutoka hapo msemo ukatoroka kanisani, hadi leo Mwingereza anayezungumzia pesa kwa utani huziita hivyo. Kiswahili cha 1952 kinasema "mapato ya aibu". Kwa maneno mengine, Kiswahili hapa kimesimama karibu na Kigiriki kuliko Kiingereza kilivyosimama. Nawaomba walimu wenzangu wanaowaambia wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha changa isiyo na msamiati wa kutosha waitazame tafsiri hii kwa utulivu.

Nilitaka kuishia kwenye maji na Biblia, lakini ukoo wa "foul" una mtoto mwingine ambaye ameingia kwenye mahakama zetu, na huyo hatuwezi kumpita kwa ucheshi.

Kwanza yupo aliyeingia kwa mlango wa uwanjani. Mchezaji akimkwatua mwenzake, mtangazaji anasema "faulo". Ndilo hilo hilo "foul" la uozo na usaha, limetoholewa, limepewa irabu ya mwisho, na hakuna mshabiki anayeziba pua akilisikia. Maneno husafiri yakaacha harufu nyuma.

Mtoto wa pili hakuiacha. Kitenzi "defile" kilianza kama neno la Kifaransa cha Kale lenye maana ya kukanyagakanyaga. Lilipoingia Kiingereza lilikutana na kitenzi cha zamani cha wenyeji, "file", chenye maana ya kutia uozo, ambacho ni ndugu wa damu wa "filth", nacho kikalibadilisha umbo na maana. Katika Sheria ya Makosa ya Jinai ya Uganda, "defilement" ndilo jina la kosa la kufanya ngono na mtu aliye chini ya miaka 18. Marekebisho ya 2007 yalilipanua kosa hilo ili lihusu watoto wa jinsia zote na yakaongeza kosa zito zaidi la aina hiyo, lakini jina halikuguswa. Kenya nayo imelitumia jina hilo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Na magazeti ya Kiswahili ya Kenya yanapotafsiri, huandika kwamba mshtakiwa "alimnajisi" mtoto.

Kama mtafsiri, siwezi kuilaumu tafsiri hiyo kwa kukosa ulinganifu. Ni linganifu mno. Neno la Kiingereza linamtangaza mtoto kuwa ametiwa uvundo, na neno la Kiswahili linamtangaza kuwa ametiwa unajisi. Lugha zote mbili zinamtaja mkosaji kwa kitenzi, halafu zinaliacha doa kwa aliyekosewa. Hebu msikilize mama anayesimama mahakamani na kusikia kwamba binti yake "amenajisiwa". Katika lugha ya ibada, kilichonajisika hutengwa mpaka kitoharishwe. Mtoto huyo atatoharishwa na nani, na kwa kosa lipi alilolifanya? Tanzania ilichukua njia nyingine: tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 huhesabiwa kuwa ni kubaka, na "kubaka" ni kitenzi kinachomwacha mchafu kule kwa mbakaji.

Mwenzangu mmoja katika idara aliniambia kwamba basi na sisi tuseme "kubaka", yaishe. Haiwezekani. Sheria ya Uganda inayatenganisha makosa hayo mawili, na mkalimani akiyaunganisha atakuwa ameibadilisha hati ya mashtaka. Pendekezo langu ni refu na halina mvuto: mkalimani aseme "kufanya ngono na mtoto", ataje umri kama sheria inavyoutaja, aache "kunajisi" kwa ajili ya msikiti, hekalu na vyombo. Jambo hili si la darasani tu. Katiba yetu ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, Baraza la Mawaziri likaidhinisha Julai 2022 kitumike rasmi na kifundishwe shuleni, na polisi wamekuwa wakikitumia siku nyingi. Watakaokaa kwenye viti vya ukalimani ni hawa hawa tunaowasahihishia "filthy water".

Nirudi basi kwenye karatasi ya mwanafunzi, maana sitaki kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Je, "maji yenye uvundo" ni tafsiri bora? Ni bora kuliko "maji machafu sana", lakini ina kasoro yake. Uvundo ni harufu, na mwandishi wa kifungu alitaka tuone pia kilichoelea. Ningependelea "majitaka yaliyovunda", au kama mtaa wenyewe unajulikana, kusema waziwazi "maji ya chooni". Zaidi ya hayo, uvundo haufai kila mahali. "Filthy hands" za fundi wa magari hazina uvundo. Zina grisi na masizi. "A filthy joke" ni mzaha wa matusi, na anayeutoa tunasema ana mdomo mchafu. "A filthy look" ni jicho analokutupia mtu anayekuchukia, na Kiswahili kimeshasema amekukata jicho, bila uchafu wowote. Na pale mwandishi anapotaka msomaji ahisi tumbo likipanda, tunalo "kinyaa", neno ambalo ninashangaa kwa nini haliko kwenye orodha zetu za darasani. "Chumba kinatia kinyaa" inasema yote ambayo "chumba ni kichafu sana" inashindwa kusema, kwa kuwa inamtaja anayeangalia pamoja na kinachoangaliwa.

Liko jambo moja nitawaachia wanafunzi wa mofolojia walitafune. Taka ni uchafu unaotupwa. Lakini -takata ni kuwa safi, -takasa ni kusafisha, na -takatifu ni kile kisicho na doa mbele ya Mungu. Tanzania sasa ina "utakatishaji wa fedha", neno la wanasheria na wenye mabenki kwa kosa la kuzipitisha fedha za wizi au za dawa za kulevya katika biashara halali ili zionekane safi. Kiingereza kimelipeleka kosa hilo kwa dobi. Kiswahili kimelipeleka karibu na madhabahu. Kila mwaka kuna anayeniuliza ilikuwaje taka na takatifu vikaketi jamvi moja, na kila mwaka namwambia aandike tasnifu.

Nimekwisha kuubadilisha mwongozo wa kusahihisha. Mahali pa "maji machafu sana" sasa pameandikwa majibu manne yanayokubalika, na "machafu sana" linapata nusu alama. Wenzangu wawili wamelalamika kwamba kusahihisha kutachukua muda mrefu zaidi. Ni kweli kutachukua.

Mwanafunzi alirudi siku ya pili kama tulivyoagana. Nilimpa alama zake mbili na nikamwomba radhi, naye akaona haya kuliko mimi. Kisha, akiwa mlangoni, akageuka: "Mwalimu, na 'filthy rich' je? Huyo tajiri naye amevunda?" Nikamwambia hapo, na hapo tu, neno hilo limepoteza pua na kubaki kiongeza nguvu, kwa hiyo "sana" ingetosha, lakini Kiswahili kina kitu kizuri zaidi, kwa sababu sisi husema "tajiri wa kutupwa", kama tunavyosema "mlevi wa kutupwa" na "maskini wa kutupwa". Akafikiri kidogo. "Lakini, mwalimu," akasema, "si kinachotupwa ni taka?"